Ulimi Wangu Ulicheza Kwenye Picha

Kasense, Jumapili, 6 Julai

Mama Emi,

Leo baridi ni ile ya kushika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Upepo umeanza alfajiri na haujapumzika. Nimetoka misa ya kwanza nikamkuta Mama Zeno anapepeta ulezi nyuma ya nyumba yake, upande uleule ambao wewe ulikuwa ukimkataza, kwa sababu makapi yote yanakuja kwetu. Nimemsalimia, naye amenisalimia, na kapi likaniingia jicho la kulia.

Nikafanya jambo la ajabu. Nimekaa kwenye kigoda pale mlangoni, nikarudisha kichwa nyuma, nikafumbua jicho kwa vidole, nikasubiri.

Nimesubiri mpaka Mama Zeno akaacha ungo wake. "Baba Emi, unaangalia nini huko juu?"

Nikamwambia naangalia mawingu. Mwezi wa saba, mawingu. Hakunibishia. Ameinama tena kwenye ulezi wake, na mimi nimeenda kunawa kwa maji ya ndoo mpaka kapi likatoka.

Sasa nimekaa mezani na simu, kwenye huu ukurasa ambao Emi alinifungulia baada ya kukuzika. Alisema, "Baba, andika. Maneno yakikaa kichwani peke yake yatakuumiza." Mtoto wetu amerudi Mtowisa kufundisha, huko joto linampiga, huku mimi natetemeka. Sijui ni nani anayesoma ninayoandika. Nimekaa kimya muda mrefu kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo sikutaka hata yeye alisome. Leo naliandika.

Shavu langu lilivimba.

Lilianza kama harage, hapa kwenye kona ya taya, chini ya sikio la kushoto. Halikuuma. Nililigusa siku moja nikinyoa ndevu, nikaendelea kunyoa. Baadaye likawa kama yai la kwale. Nikawa nasikia mkazo kidogo nikitafuna, na usiku nikilalia ubavu huo nalikuta pale, linanisubiri.

Wewe lako lilianza kwenye ufizi, tukadhani ni jino. Tukang'oa jino. Uvimbe ukabaki, tukang'oa na jirani yake. Ulikuwa unacheka, unasema meno yakiisha nitakutwangia nyama kwenye kinu. Tulipofika Mbeya, X-ray ilionyesha mfupa umeliwa, lakini haikuonyesha ugonjwa umeishia wapi ndani ya nyama, na wewe hukuwa tena na nguvu za kutafutwa zaidi. Sitaki kurudi huko. Nimelitaja tu ili ieleweke kwa nini mimi, nilipoligusa lile harage, sikujiuliza ni nini.

Nilidhani najua.

Na hapa naomba usinikasirikie. Unaukumbuka msalaba wako, wa chuma bapa, ambao ncha zake nilizikunja kama vikono vya mboga ya maboga vinavyojisokota, kama nilivyofanya kwenye dirisha la chumba chetu kwa sababu ulipenda hivyo. Mwezi wa tano nilikata chuma kwa ajili ya mwingine. Kimo kilekile. Vipande nikaviegemeza nyuma ya mlango wa banda la kazi, nikavifunika gunia. Emi akipiga simu namwambia mimi mzima, geti la katekista ndilo linalonichelewesha.

Sikuwa na hofu. Hilo ndilo lililonishangaza mwenyewe. Nilikuwa kama mtu aliyekwisha kata tiketi, anasubiri tu basi lipige honi.

Aliyenivuruga ni mdogo wako Pelagia. Alikuja kutoka Mbeya kuchukua mahindi yake. Tulikula naye mchana, na jioni akaketi kwenye kochi lako akanitazama sana.

"Shemeji, tonge hilo unalimeza lini?"

"Tonge lipi?"

"Hilo la shavuni. Mchana ulikuwa nalo, mpaka sasa bado unalo. Ugali wa ulezi wa huku unatafunwaje?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alinyanyuka akaligusa kwa kidole, akakaa chini palepale kwenye mkeka.

"Keshokutwa tunaondoka wote," akasema. "Na usiniambie una geti la mtu."

"Nina geti la katekista kweli."

"Katekista amekaa bila geti tangu Yesu anazaliwa. Atavumilia."

Nilikubali ili anyamaze. Nilifikiri nitaenda, wataniambia ninachokijua, nitarudi kumalizia kazi yangu iliyo chini ya gunia.

Njia ni ileile. Laela, Tunduma, kisha Mbeya. Mara ya mwisho nilipita nayo nikiwa nimekushika bega ili kichwa kisigonge kioo. Safari hii Pelagia alilala begani kwangu, akakoroma toka Laela, na mimi sikumwamsha. Ilikuwa afadhali bega langu liwe na kazi.

Daktari wa kinywa ni kijana wa umri wa Emi. Alinipa shikamoo kabla ya kuvaa glavu. Alinipapasa taya, akaingiza kidole kinywani akakutanisha vidole vya nje na vya ndani, kama mimi ninavyopima unene wa bati. Akaniambia nikunje paji la uso, nifumbe macho kwa nguvu, nionyeshe meno. Nikaonyesha yaliyobaki. Akachoma sindano nyembamba kwenye uvimbe, akanyonya kidogo kwa ajili ya kupima. Kisha akasema anataka picha.

Nikamwambia X-ray naijua.

"Siyo X-ray, baba," akasema. "X-ray itanionyesha mfupa. Mimi nataka kuiona nyama, tezi, mishipa, na uboho ulio ndani ya mfupa wa taya."

Alinieleza taratibu. Hiyo picha inaitwa MRI. Mashine yake ni sumaku kubwa na haitumii mionzi. Alisema uvimbe wa kinywa na taya unaweza kuwa mdogo kwa nje, kumbe ndani umekwisha tembea, umefuata mshipa au umeingia kwenye uboho. Picha ya sumaku inaonyesha mipaka yake kabla mtu hajashika kisu. Tena akasema picha peke yake haimalizi neno, lazima isomwe pamoja na majibu ya sindano.

Nilimsikiliza nikakufikiria wewe. Siku zile hakuna aliyeniambia habari za mipaka, au nimesahau. Nilikuwa natazama uso wako tu.

Chumba cha mashine kina binti mmoja wa nguo za bluu, mwenye sauti ya kazi. Aliniuliza maswali mengi. Nina kifaa kwenye moyo? Nina risasi mwilini? Nina jino la chuma? Nikasema hapana, hapana, hapana. Akaniuliza natoka wapi, nikasema Sumbawanga.

"Sumbawanga," akasema, akimtazama mwenzake. "Mzee, huko si mnasafiri kwa ungo? Mbona umekuja na basi?"

"Ungo wangu ni wa chuma," nikamwambia. "Mngeniambia niuache mlangoni."

Walicheka mpaka mwenzake akaegemea ukuta. Na mimi nilicheka, shavu likavuta. Kisha akaniuliza kazi yangu. Nikasema fundi wa kuchomelea, nakata na kusaga chuma, natengeneza mageti na madirisha.

Kicheko kikaisha. Akaweka kalamu chini.

"Umewahi kuingiwa na chembe za chuma machoni?"

"Mara nyingi."

"Zilitolewa hospitali?"

"Nyumbani."

"Na nani?"

"Mke wangu."

"Kwa kitu gani?"

Nilisita, Mama Emi. Si kwa aibu. Nilisita kwa sababu tangu uondoke sijalisema jambo hili kwa mtu.

Ulikuwa unanikalisha kwenye kigoda palepale mlangoni, uso kwenye mwanga. Unasukutua maji, unatema. Unanishika kichwa, unafunua kope kwa dole gumba, na kupitisha ncha ya ulimi. Mama yako alikufundisha, na yeye alifundishwa na mama yake. Nilikuwa naona giza jekundu, nasikia joto, na harufu ya mkate wa ulezi, kwa sababu siku zote ulikuwa umeonja kitu. Halafu unatema kiganjani na kunionyesha chembe ndogo kuliko punje ya ulezi. Unasema, "Hili hapa geti lako." Kila mara ulisema hivyo.

"Kwa ulimi," nikamwambia yule binti.

Hakucheka. Akasema siku hizi hawashauri, kwa ajili ya vidonda na magonjwa, na mimi nikasema najua. Akanieleza kwamba kama kuna chembe iliyobaki ndani ya jicho, ile sumaku inaweza kuisogeza na jicho likaharibika. Hawezi kuniingiza mpaka macho yapigwe X-ray. Kama kuna kitu, MRI hakuna.

Nikapelekwa chumba kingine, nikapigwa picha ya macho, nikarudi kwenye benchi. Pelagia akaniuliza kimetokea nini, nikamwambia wanatafuta kazi ya dada yake. Hakunielewa. Nilisubiri, na nilijikuta kwa mara ya kwanza tangu lile harage nina wasiwasi. Siyo kwa ajili ya taya. Niliogopa wasije wakaniambia ulibakiza.

Binti alitoka na karatasi yake. "Safi, baba. Macho yote mawili. Alizitoa zote."

Nikainama nikafungua viatu, kwa sababu mkanda na viatu navyo vilitakiwa kubaki nje. Nilikaa nimeinama kidogo zaidi ya inavyohitajika. Rosari yangu nikamvulia Pelagia, naye akaanza kuisali palepale.

Mashine yenyewe ni kama tangi la maji lililolazwa, lenye tundu katikati. Unalala chali kwenye kitanda chembamba. Wanakuziba masikio, wanakufunika kichwa na uso kwa kitu kama kizimba cha kuku, wanakupa mpira wa kubinya ukizidiwa. Binti akaniambia nisitikise kichwa, nisitafune, ulimi niulaze nyuma ya meno na usicheze. Mate nimeze pale kelele zinapokatika. Kitanda kikaingia.

Kelele zake wewe ungezijua. Ni za banda letu. Mara nyundo juu ya fuawe, mara mashine ya kusaga imekwama kwenye chuma kinene, mara mtu anagonga bati bila sababu. Nikafumba macho. Nikawa nimelala kwenye kelele ya kazi yangu, na kama ilivyo kawaida yangu nikifanya kazi, nikaanza kuongea na wewe.

Unajua mimi naongea na wewe. Naongea nikisonga ugali, nikifunga mlango, nikisaga chuma ambapo hakuna mtu atakayesikia. Kifipa chetu cha nyumbani, kwa sauti ya chini. Mle ndani nilikwambia nakuja. Nilikwambia chuma nimeshakata, ncha bado kukunja. Nilikwambia Emi nitamwandikia vizuri, Pelagia atalia sana lakini atapoa. Nikakuuliza huko kuna baridi kama huku.

Kelele zikakatika. Kitanda kikatoka. Binti alikuwa amesimama juu yangu.

"Baba, picha zimecheza. Kichwa umetuliza vizuri kabisa, ila kila nikipiga, ulimi unatembea. Sioni kitu pale kinywani, ni ukungu mtupu. Unasali?"

"Hapana. Naongea na mama watoto."

"Yule wa macho?"

"Yule."

"Yuko wapi?"

"Ametangulia."

Akarekebisha kile kizimba. Nilidhani ataniambia mambo ya pole. Badala yake akainama karibu na sikio langu lililozibwa, akasema kwa nguvu ili nisikie, "Basi mwambie akusubiri dakika chache. Ukitoka mtaendelea."

Akanirudisha ndani.

Mama Emi, tangu siku ya kaburi sikuwahi kunyamaza na wewe nikiwa macho. Nililaza ulimi nyuma ya meno kama nilivyoambiwa, na maneno yakaja yote kwa pamoja, na sikuyatoa. Ilikuwa kama kushika mlango upepo ukisukuma. Upweke niliousikia mle siwezi kuuandika. Nimeishi katika hii nyumba peke yangu mwaka mzima, lakini peke yangu hasa nilikuwa mle, kwa sababu hata wewe sikuwa nawe.

Na katika ule ukimya, unajua ni nini kilikuja? Bawaba. Ile bawaba ya chini ya geti la katekista. Niliiona wazi kabisa gizani, nimeichomelea kichwa chini miguu juu. Geti lile lingening'inia siku ya kwanza tu, na katekista angelisukuma mbele ya watu wanaotoka kanisani. Nikataka kucheka, nikajizuia. Nikaanza kufikiria nitaikata wapi, niisogeze kiasi gani. Nilikuwa bado naifikiria kitanda kilipotoka.

"Sasa naona," binti akasema.

Siku ya majibu daktari aliwasha kompyuta akatugeuzia. Picha ni nyeusi na nyeupe, kichwa changu kimekatwa vipande kama mkate. Alionyesha kwa kalamu. Uvimbe huu hapa, wa mviringo, uko ndani ya tezi ya mate iliyo pembeni ya taya. Una ukingo wake, una kama kigamba chembamba kinachouzunguka. Huu hapa mfupa wa taya. Na huu mweupe uliomo ndani ya mfupa ni uboho.

"Ukishambuliwa, huu weupe unakufa, unakuwa mweusi," akasema. "Wako mweupe mpaka mwisho. Uvimbe haujaugusa. Na sindano nayo imesema hivyohivyo, siyo ule mbaya."

"Siyo wa marehemu?"

"Siyo, baba. Lakini tuutoe, usije ukabadilika mbele ya safari. Kazi ni moja, kuna mshipa wa uso unapita hapa karibu, tutaenda nao polepole. Shavu linaweza kulegea kwa muda."

Pelagia alinipiga mgongoni kwa kiganja. "Mwanaume mzima unavimba shavu unatutoa roho," akasema, akatoka nje kupiga simu kwa kila mtu anayemjua.

Mimi nilibaki nimekaa. Daktari alidhani nimefurahi mno. Wewe peke yako nakwambia ukweli. Nilitazama ule weupe wa uboho wangu, nikahuzunika. Basi limepiga honi, nimesimama na mzigo wangu, na kondakta ananiambia tiketi hii si ya leo.

Nikafikiri, sasa nifanye nini na jioni zote hizi?

Njia nzima ya kurudi sikukwambia neno. Si kwamba nilinuna. Nilikuwa sijui nianzie wapi. Pelagia alibaki kwake, na kiti cha jirani alikaa mama mmoja mwenye kuku kwenye kikapu, akashuka Laela. Toka hapo kilikuwa kitupu. Nje mashamba yamevunwa, mabua yamelala, na moshi wa watu wanaochoma majani ulikuwa unakwenda upande mmoja.

Emi nilimwambia Ijumaa. Alilia, kisha akanigombeza kama wewe, kwa kulitaja jina langu lote la ubatizo. Anakuja Jumamosi, tutaenda wote Mbeya. Operesheni ni Alhamisi, tarehe 17.

Jana nilifungua banda. Niliikata ile bawaba nikaigeuza. Geti likahitaji komeo, na chuma bapa kilikuwa kimeisha. Kilichokuwepo ni kile kilicho chini ya gunia. Nilisimama pale na mashine mkononi bila kuiwasha. Kisha nikachukua kipande kimoja, kile cha mkono wa kushoto, nikakikata komeo. Limekaa vizuri. Vipande vingine nimevipandisha juu ya mbao za dari, pamoja na mabomba ya zamani. Sijavitupa. Siku moja vitatakiwa, na hicho kilichopungua nitakikata kingine wakati wake. Nilivaa miwani muda wote.

Kwa hiyo leo kapi lilipoingia jichoni nilikaa kwenye kigoda kwa mazoea tu. Mwili haujaambiwa. Labda hautaambiwa.

Yule binti alisema nikwambie unisubiri dakika chache. Sikukwambia mle ndani kwa sababu ulimi ulitakiwa utulie, na nilipotoka sikuwa na moyo. Nakwambia leo, huku chai imepoa na Mama Zeno bado anapepeta. Hazitakuwa dakika chache, nadhani.

Nitachelewa, Mama Emi. Usiache kunikumbuka.